Kisanduku Kisichosikika Ziwani

Kipokezi kilianza kulia wakati mtumbwi ulikuwa umeshakaribia kiasi cha watu wa nchi kavu kutambua nyuso za waliokuwa ndani. Kilikuwa kimefungwa juu ya nguzo ya chuma kando ya banda la ushirika wa wavuvi, hapo kwenye mwalo wa Rumonge, na mlio wake ulikuwa mkali, wa kukatakata. Wavuvi walikuwa wamefundishwa kwamba mlio huo una maana moja tu: kuna mtu majini anaomba msaada. Wanawake waliokuwa wakigeuza ndagala, dagaa wa ziwa hilo, juu ya vichanja waliacha kazi. Mafundi waliokuwa wakiziba mtumbwi kwa pamba na lami wakasimama.

"Aparei inaita," mtu mmoja akasema. "Sikilizeni, ile aparei ya mwalimu inaita."

Jovita alikuwa chini ya nguzo ile tangu kulipopambazuka, kitenge mabegani. Alifika mara tu aliposikia kwamba mtumbwi wa Lukeba haujarudi na kwamba upepo wa kusini ulikuwa umevuma vibaya. Alikuwa amekitazama kipokezi muda wote huo. Kilikuwa na umeme, kitaa chake cha kijani kiliwaka, nacho kilikaa kimya. Akajiambia kuwa kimya ni habari njema, kwamba pengine Lukeba na mwenzake Shabani wameegesha Minago, mwalo wa jirani, wanangoja ziwa litulie. Sasa mtumbwi ulikuwa mbele yake, karibu sana, na ndipo kipokezi kilipofungua mdomo.

Ulikuwa mtumbwi wa watu wa Minago. Shabani alikuwa ameketi katikati, amefunikwa turubai, midomo imepauka. Kwenye koti lake la kuelea kilining'inia kisanduku kidogo cheupe, taa yake nyekundu ikiwaka na kuzima. Lukeba alikuwa amelazwa miguuni pake, naye hakuwa wa kuamshwa tena.

"Tuliwakuta tu," nahodha wa Minago alisema huku akishuka. "Tulikuwa tunakuja soko. Tukaona kitu cha rangi kwenye maji."

Hakuna aliyemsikiliza. Kipokezi kilikuwa bado kinalia juu ya vichwa vyao, taa bado inawaka kifuani pa Shabani, na watu waliunganisha vitu hivyo viwili kama walivyotaka kuviunganisha. Mbaraka, mwenyekiti wa ushirika, mzee wa kofia safi na maneno machache, alimgeukia Jovita machozi yakimlengalenga. Akamshika mikono yote miwili.

"Mmoja Mungu amemchukua," alisema. "Mmoja umeturudishia wewe."

Jovita aliitazama ile taa nyekundu kifuani pa Shabani. Alikuwa amejua tangu mlio wa kwanza.

Alikuwa mwalimu wa fizikia kwenye lise, sekondari ya mjini. Alizaliwa na kukulia kambini Tanzania, upande wa Kasulu, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na waliporudi nyumbani yeye alikuja na Kiswahili cha shule za huko. Watu wa mwalo walimtania kwamba anaongea kama redio. Alisomea umeme Bujumbura, na jioni baada ya vipindi alikuwa akitengeneza simu na redio za watu sebuleni kwake. Ndiyo maana shirika moja la Bujumbura lilipotafuta mtu wa kubuni kifaa cha kuwaokoa wavuvi, jina lake lilitajwa kwanza.

Msimamizi wa mradi, Généreuse, alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye haraka, na sharti lake lilikuwa moja: kifaa kiwe kidogo. Vile vya zamani vilikuwa na antena ndefu kama fimbo. Zilinasa kwenye nyavu, zikavunjika, na mwishowe wavuvi wakawa wanaviacha nyumbani vikining'inia msumarini.

"Kiingie kwenye kiganja," Généreuse alisema. "Mtu akivae, akisahau."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Wimbi ambalo kifaa kingetumia lilikuwa na urefu wa mtu mzima na zaidi. Antena nzuri ya wimbi hilo ilitaka urefu wa mkono. Jovita alikuwa na nafasi ya kidole gumba. Redio haikatazi udogo, ila inautoza ushuru. Alisokota waya mwembamba wa shaba, akaupanga, akaukata, akaupanga tena, hadi ukaita vizuri mezani. Kisha akakishika kifaa mkononi, nacho kikanyamaza. Akakiweka mezani, kikaita. Akakinyunyizia maji, kikanyamaza. Antena ndogo namna ile husikika kwenye ufa mwembamba sana wa masafa, na kitu chochote kilichoisogelea, mwili au maji, kiliisukuma nje ya ufa huo. Na kifaa cha kumwokoa mtu anayezama kitakaa wapi, kama si juu ya mwili na ndani ya maji?

Alihitaji kuupanua ufa. Alijaribu kwa miezi. Siku ya kuwaonyesha wageni wa shirika ilipokaribia na bado hajafika popote, mchana mmoja alichukua rezistansi, kipande cha kuzuia umeme kidogo kama punje ya mchele, akaichomelea kwenye shina la ule waya. Akaunganisha kipimo chake. Mstari ambao siku zote ulikuwa ukishuka kama kisima chembamba ulifunguka ukawa mpana kama karai. Akashika kifaa, mstari haukutikisika. Akakimwagia maji, haukutikisika.

Alikaa akiutazama mstari ule kwa muda mrefu. Kipimo kile kilionyesha jambo moja tu: nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena. Nguvu haikuwa ikirudi. Lakini nguvu isiyorudi si lazima iwe imekwenda hewani kumwita mtu. Inaweza kufia humo humo ndani, ikawa joto. Hayo alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake kila mwaka. Alinyoosha kidole, akaigusa ile punje ya rezistansi. Ilikuwa ya moto.

Akaondoa kidole.

Siku ya wageni, kifaa kilikaa juu ya meza kavu upande mmoja wa mwalo, kipokezi upande wa pili, na kipokezi kilisikia. Généreuse alikimwagia kikombe cha maji mwenyewe mbele ya watu, kipokezi kikasikia bado. Watu wakapiga makofi. Jovita alijiambia kwamba atakipeleka ziwani akakijaribu kwa haki, wiki ijayo. Kisha ikawa baada ya mitihani. Kisha ikawa baada ya mvua. Karakana moja ya Bujumbura ilishavitengeneza vya kutosha mwalo mzima, Mbaraka akavigawa kwa mkono wake, na yeye Jovita alisimama mbele ya wavuvi akawafundisha namna ya kubonyeza.

Lukeba alizikwa siku ileile, alasiri. Jovita alikwenda msibani na wanawake wenzake, kichwa kimefunikwa, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango ili asionekane sana. Haikusaidia. Asiya, mjane wa Lukeba, alipomwona aliomba apishwe nafasi, akamvuta akae kando yake.

"Murakoze, mwalimu," alimshukuru kwa sauti iliyokwisha. "Bila kile kitu chako tungewakosa wote wawili, nisijue hata mume wangu alikufa namna gani. Shabani ameniletea maneno yake. Amesema alikuwa anataja watoto."

Akaushika mkono wa Jovita, akauweka kwenye paja lake, akaendelea kuushika huku watu wakiingia na kutoka kutoa pole. Jovita aliuacha mkono wake pale. Kuuvuta kungekuwa kukiri. Chakula kilipoletwa alikula, kwa sababu kukataa chakula cha msiba kungetazamwa, na kila tonge alilimeza kama mtu anayekula cha wizi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya zaidi kwa sababu zilikuwa nzuri. Muuza mawese wa njia ya hospitali alimjazia chupa akakataa malipo. Kanisani, padri aliomba kwa ajili ya "binti yetu aliyepewa akili ya kuokoa," na vichwa vyote vikageuka kwenye benchi lake. Mama yake, aliyeketi pembeni, alinyoosha mgongo kwa fahari ambayo Jovita hakuwahi kuiona tangu watoke kambini. Généreuse alipiga simu.

"Ni histoire nzuri sana, kisa cha kusimuliwa, Jovita. Nakuja na mwandishi wa habari. Tutakupiga picha na yule aliyepona. Na wavuvi wa Gitaza wameshaomba, tunawapelekea visanduku vyao mwezi ujao."

"Asante," Jovita alisema.

Alipokata simu alibaki ameishikilia. Lile asante alikuwa amelisema vizuri, kwa sauti laini ya mtu mnyenyekevu. Alijichukia kwa ulaini ule kuliko kwa jambo lingine lolote alilofanya mpaka hapo.

Shabani alimjia shuleni. Vipindi vilikuwa vimekwisha, wanafunzi wametawanyika, naye alikuwa anafuta ubao aliposikia mtu akikohoa mlangoni.

"Amahoro, mwalimu."

"Amahoro, Shabani. Karibu. Kaa."

Shabani aliketi kwenye dawati la mbele, magoti yakigusa ubao wa juu. Alikuwa mtu wa umri wa Jovita, mwembamba, na tangu siku ile alikuwa na kikohozi kisichomwacha. Aliweka kisanduku cheupe juu ya dawati.

"Hii kitu iliwaka," alisema. "Tangu tulipopinduka, taa iliwaka. Nilifinya vile ulitufundisha. Lukeba naye alifinya ya kwake."

"Ndiyo."

"Hatukuwa mbali, mwalimu. Taa za Rumonge tulikuwa tunaziona. Mimi nikamwambia Lukeba, tushike huu ubao tuogelee, tufuate taa. Akakataa. Akasema tukae hapohapo, aparei imeshaita, watu wakija na sisi tumeondoka watatukosa. Alikuwa mukubwa wangu, nikamusikia." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Kila saa alikuwa anasema sasa wanakuja. Baridi ikamushika yeye kwanza. Mpaka mwisho alikuwa anasema sasa wanakuja."

Jovita alikuwa ameshika kifutio, vumbi la chaki likimwagikia viatuni. Kwa siku zote zile alikuwa amejiambia kwamba kifaa chake hakikufanya kitu. Sasa alielewa kwamba kilifanya. Kilimzuia mtu kuogelea.

"Kwa nini hukusema siku ile?" aliuliza. "Mbele ya watu."

"Ningesema nini? Watu walikuwa wanakushika mikono. Wewe ni mutu wetu. Nikaona nisikuvue nguo mbele ya kila mutu, mwalimu atajua mwenyewe, atasema mwenyewe. Nikangoja." Alikisukuma kisanduku mbele kidogo kwa kidole. "Lakini nasikia wanavipeleka Gitaza. Ndugu yangu iko anavua Gitaza."

Hapo Jovita aliona kwamba mtu huyu alikuwa amembebea siri yake kifuani pamoja na kile kikohozi, bila kuombwa, kwa heshima tu. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Nilijua, Shabani."

"Ulijua nini?"

"Kwamba hakifiki mbali. Nilijua kabla hamjapewa. Si kwa hakika, lakini ilinitosha. Nilikiwekea kitu ndani ili kionekane kimepona, na kitu hicho ndicho kinachomeza nguvu yake yote. Niliogopa kupima."

Shabani aliutazama ubao uliofutwa nusu.

"Basi twende tupime," alisema mwishowe. "Nataka nione mwenyewe inaishia wapi."

Walikwenda Jumamosi asubuhi, ziwa likiwa limelala. Mbaraka alisimama chini ya nguzo, simu sikioni, bila kuambiwa kwa nini. Shabani alipiga kasia. Jovita aliketi mbele na kisanduku mapajani, taa inawaka, simu nyingine mkononi.

"Inalia," alisema Mbaraka. "Inalia. Inalia bado." Kisha: "Imenyamaza."

Jovita aligeuka nyuma. Bado aliweza kuiona kofia ya mzee. Bado aliona wanawake na vichanja vyao, na mbuzi aliyekuwa akipita kati yao.

"Hapa kiko kikavu," alimwambia Shabani. "Hapa ndipo kinapokuwa na nguvu zaidi."

Alivaa koti la kuelea, akafunga kisanduku kifuani, akajishusha majini na nguo zake zote. Maji yalimfika shingoni. Alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili.

"Haisemi kitu," Mbaraka alisema ndani ya simu ambayo sasa Shabani alikuwa ameishika.

"Turudi polepole," Jovita alisema. "Usinipandishe."

Shabani alipiga kasia kuelekea nchi kavu, Jovita akivutwa pembeni kama furushi. Alikuwa anahisi maji yakipita ndani ya blauzi, kinywa kikijaa ladha ya ziwa, na macho ya watu wa mwalo ambao sasa walikuwa wamejikusanya kutazama mwalimu wa lise akikokotwa. Kipokezi kilikaa kimya. Kikakaa kimya. Vidole vyake vya miguu viliparaza mchanga, na ndipo kilipolia.

Alisimama, maji yakimchuruzika, akatembea hadi kwa Mbaraka.

"Sijaelewa," mzee alisema, ingawa uso wake ulionyesha kwamba ameanza kuelewa. "Sasa watu wangu wamevaa nini?"

"Wamevaa taa, mzee," Jovita alijibu. "Taa tu. Nami nilijua."

Mbaraka hakupaza sauti. Alivua kofia, akaitazama ndani kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya nayo, akaivaa tena. Kisha akageuka akaingia bandani, akamwacha Jovita amesimama.

Jovita alikwenda kwa Asiya kabla ya kuwaambia watu wengine, alasiri ileile. Asiya alikuwa kwenye eda, hatoki nyumbani, amekaa sebuleni anakunja nguo za watoto. Alimkaribisha kwa furaha, akaagiza chai. Jovita alimwomba asiagize. Akasema akiwa amesimama, bila kuzunguka, kwa sababu aliogopa akikaa atatafuta maneno mazuri. Alisema kuhusu rezistansi kwa namna mtu yeyote angeelewa, akasema kuhusu jaribio la ziwani alilolikimbia, akasema alichoambiwa na Shabani.

Asiya aliendelea kukunja. Alikunja shati dogo, akalinyoosha kwa kiganja, akalikunja upya.

"Alikataa kuogelea kwa sababu ya kile kitu."

"Ndiyo."

"Na alikuwa anajua kuogelea, Lukeba. Alizaliwa majini, kule kwao Ubwari."

Asiya aliliweka shati juu ya nguo nyingine.

"Siku ile nilikushika mukono," Asiya alisema. "Hapa, mbele ya watu wote. Nikakushukuru. Ukaniacha nikushukuru."

"Ndiyo."

"Basi toka, mwalimu. Sikutukani. Toka tu."

Jovita alitoka. Njiani alipishana na muuza mawese, aliyemsalimia kwa bashasha, naye akajibu, na salamu hiyo ilikuwa ya mwisho ya aina yake, maana kufikia kesho yake kila mtu alikuwa anajua.

Kwenye mkutano wa ushirika wavuvi walirudisha visanduku kimoja kimoja. Wengi waliviweka mezani bila kumtazama. Mmoja alicheka usoni pake, kicheko kifupi kikavu, akasema mwanawe alikuwa amekiomba kukichezea na yeye akamchapa kwa kukigusa. Jovita alijibu kila aliyeuliza, na walipouliza kama alijua, alisema alijua. Mara ya kwanza neno lile lilimchoma. Halikuwa jepesi mara zilizofuata, kama alivyotumaini. Lilikuwa vilevile kila mara.

Généreuse alifika toka Bujumbura bila mwandishi wa habari. Walizungumza ndani ya gari lake, vioo vimefungwa.

"Ungetuambia tu kwamba inahitaji ajustement, marekebisho kidogo," alisema. "Kila projet inakuwa na awamu ya pili. Sasa umewaambia watu kwamba tuliwadanganya."

"Si ninyi. Mimi ndiye niliyewadanganya, wao na ninyi."

"Unafikiri watatofautisha?"

Jovita hakufikiri hivyo. Kifaa hakikupelekwa Gitaza. Mradi ulifungwa, na jina lake halikutajwa tena kwenye ofisi zile. Shuleni mkuu hakumwambia kitu, ila darasani, alipofika kwenye somo la rezistansi na joto, wanafunzi walitulia kwa namna ambayo alijua wanamngoja aone haya. Aliona haya, akalifundisha somo hadi mwisho. Mama yake alianza kwenda misa ya kwanza, ile ya alfajiri, yenye watu wachache.

Ilikuwa ni Shabani aliyerudi tena. Jovita alimkuta mlangoni kwake, ameshika dumu dogo la plastiki la manjano, lile ambalo kila mtumbwi hulifunga pembeni ili lielee.

"Sikuja kwa ajili yako," alisema. "Bado watu wanazama. Hii kila mutu iko nayo, hakuna anaiacha nyumbani. Unaweza kuweka kitu yako hapa?"

Jovita aliligeuza lile dumu mikononi. Miezi yote ile alikuwa amehangaika kupanua sauti ya waya uliojikunyata kwenye kona ya kisanduku, na sehemu nyingine yote ya kisanduku ikiwa tupu. Antena ndogo ina njia mbili za kupata upana. Ya kwanza ni kupoteza nguvu, nayo alikuwa ameshaipita. Ya pili ni kuitumia nafasi yote iliyopo, isibaki hata kipande kisichofanya kazi. Hilo alikuwa amelisoma zamani, na angelifanya zamani kama asingekubali kwamba kitu lazima kiingie kwenye kiganja.

Alinunua utepe mpana wa shaba badala ya waya mwembamba, kwa sababu shaba nyingi hula nguvu kidogo. Akauzungusha nje ya dumu lote, kutoka mdomoni hadi kitakoni, kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika. Ndani aliweka batri na mtambo, chini kabisa akafunga jiwe, ili dumu lisimame wima majini na sehemu kubwa ibaki juu. Hakuweka rezistansi. Mstari wa kipimo ulikuwa mpana kuliko kisima cha mwanzo, lakini haukuwa karai. Alikuwa na sababu ya kufurahi, ila hakufurahi. Alikizima kipimo akaenda ziwani.

Alikwenda mara nyingi, Shabani akipiga kasia. Dumu la kwanza lilipitisha maji. La pili lilisikika likiwa limesimama, likanyamaza likiinamishwa na wimbi, ikabidi apange upya utepe na kuongeza uzito wa jiwe. Watu wa mwalo walizoea kumwona akirudi amelowa, na baadhi wakaacha kutazama. Mbaraka alikuja kusimama chini ya nguzo bila kuitwa, simu sikioni, na alichosema kwenye simu kilikuwa kilekile: inalia, inalia, imenyamaza. Tofauti ilikuwa mahali. Mwishowe dumu lilisikika hadi kule wavuvi wa ndagala wanakowasha taa zao. Huko ndiko Lukeba alikofia.

Katikati ya ziwa halikufika. Alijaribu, halikufika.

Alipoitwa kueleza mbele ya ushirika alianza na hilo. Alisema dumu linaishia wapi, akawataja kwa majina wavuvi waliozoea kuvua kupita hapo, akawaambia kwamba kwao lile ni dumu la kuelea na si zaidi. Akasema likifunikwa na wavu huenda lisisikike hata karibu. Mtu mmoja alinung'unika kwamba sasa anauza mali yake kwa kuisema vibaya. Wengine walichukua, wengine hawakuchukua.

Asiya alikuja bandani eda yake ilipokwisha. Mtumbwi wa Lukeba ulikuwa umeokotwa na kuzibwa, na Faridi, mdogo wa Lukeba, ndiye aliyekuwa anajiandaa kuuingiza ziwani. Walisimama wote wawili mbele ya meza ya Jovita. Asiya hakusalimia.

"Hii inafika wapi?" aliuliza.

Jovita alimwambia. Alimwambia pia pale isipofika, na kwa nini, na kwamba amepima akiwa ndani ya maji, na kwamba hajapima kwenye dhoruba kwa sababu hakuna aliyekubali kumpeleka kwenye dhoruba.

"Kwa hiyo kwenye dhoruba hujui."

"Sijui, dada."

Asiya alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya nguo za watoto. Hakukuwa na msamaha kwenye macho yale, wala Jovita hakuutafuta. Alisimama tu akaangaliwa. Kisha Asiya alilichukua dumu, akavuta kamba yake kwa nguvu kupima fundo, akamkabidhi shemeji yake.

"Umemusikia," alimwambia Faridi. "Mukipinduka, finya, halafu ogelea. Musikae kungoja mutu."

Faridi aliitikia. Wakatoka pamoja kuelekea kwenye mitumbwi. Jovita alivuta kiti, akaketi, akachukua dumu lingine lililokuwa limefunguka mshono, akaanza kulisugua kuondoa matope na magamba ya samaki ili gundi ishike.